Wachache Dhidi ya Wengi: Hesabu na Mbinu za Mchezo wa Vita vya Kale

Mnamo tarehe 2 Agosti, mwaka 216 K.K., majeshi mawili yalikutana karibu na Cannae, kusini mwa Italia, kando ya mto ulioitwa Aufidus. Kwa mujibu wa mwanahistoria wa Kiyunani Polybius, Warumi walikuwa na askari wa miguu wapatao 80,000 na wapanda farasi wapatao 6,000. Hannibal, jemadari wa Carthage, alikuwa na askari wa miguu 40,000 hivi na wapanda farasi 10,000. Kabla ya usiku kuingia, jeshi lile kubwa la Warumi lilikuwa limekwisha kuangamizwa.

Mtu anayejua kujumlisha tu atashangaa. Elfu hamsini watawezaje kuwazunguka watu elfu themanini na sita? Jibu halimo katika ushujaa peke yake, wala katika bahati. Limo katika hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya sekondari anaweza kuifanya mwenyewe kwa karatasi, bikari na dadu chache. Makala haya yanakusudia kuieleza hesabu hiyo kwa njia ya mchezo wa vita, yaani mchezo wa kupokezana zamu ambamo wachezaji wawili huongoza majeshi ya kale juu ya ubao.

Asili ya michezo hii

Michezo ya namna hii si migeni. Sataranji, iliyoanzia Bara Hindi zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, ilikuwa na kete za aina nne zilizowakilisha sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Wapwani wa Afrika ya Mashariki nao wanalijua vyema bao, ambalo halishindwi na mwenye haraka bali na yule awezaye kuhesabu zamu kadhaa mbele.

Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, alichapisha mchezo wa kufundishia maofisa. Ndani yake mlikuwa na ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, na dadu za kuamua hasara. Mwaka 1954 Mmarekani Charles S. Roberts alitoa mchezo wa ubao kwa ajili ya raia wa kawaida, na katika miaka ya 1960 ubao uliogawanywa kwa pembesita ulianza kuenea. Siku hizi michezo mingi ya aina hii huchezwa kwa kompyuta na kwa simu, lakini msingi wake haukubadilika: zamu, umbali na uwezekano.

Kanuni za mchezo wa mfano

Hebu mwalimu na wanafunzi watengeneze mchezo mwepesi kama ifuatavyo. Ubao uwe na safu 9, kila safu ikiwa na vyumba 13 vya umbo la pembesita. Kuchora pembesita ni rahisi: nusu kipenyo ya duara huingia mara 6 kamili katika mzingo wake ikipimwa kwa bikari. Kila mchezaji apewe vikosi 12 vya karatasi ngumu, navyo ni vikosi 6 vya askari wa miguu wenye mikuki na ngao, vikosi 4 vya wapanda farasi, na vikosi 2 vya wapiga upinde.

Kila kikosi kina alama 3 za nguvu. Katika zamu yake mchezaji hutoa amri kwa vikosi 4 tu. Mpaka huu una maana yake: jemadari wa kale aliamrisha kwa baragumu, kwa bendera na kwa wajumbe, wala hakuweza kusema na jeshi zima kwa mara moja. Kikosi kilichoamriwa husogea kwanza, kisha hupiga. Askari wa miguu na wapiga upinde husogea chumba 1, wapanda farasi hadi vyumba 3.

Kikosi kilichopakana na adui hurusha dadu 3, na kila dadu iangukayo 5 au 6 humwondolea adui alama moja. Wapiga upinde hurusha dadu 1 tu, lakini mishale yao hufika hadi chumba cha tatu. Adui aliyeko juu ya kilima huumizwa kwa 6 peke yake. Kikosi kilichojeruhiwa huendelea kurusha dadu zake zote mpaka kitakapoishiwa na alama na kuondolewa. Atakayetangulia kuondoa vikosi 6 vya mwenzake ndiye mshindi.

Sheria mbili za Lanchester

Mwaka 1916 mhandisi wa Kiingereza, Frederick Lanchester, alichapisha kitabu kuhusu ndege vitani, na ndani yake alionyesha kwamba wingi wa jeshi una thamani mbili tofauti, kutegemea jinsi watu wanavyoweza kufikiana.

Chukulia kwamba vikosi 5 vinapigana na vikosi 3 vyenye ubora sawa. Kwanza, wapambane katika lango jembamba, mmoja kwa mmoja. Kila anapoanguka wa upande huu huanguka wa upande ule. Watatu wakiisha, upande mkubwa utabakiwa na 2. Hii ndiyo sheria ya mstari: 5 – 3 = 2.

Pili, wapambane mahali pa wazi, kila mmoja akiweza kumpiga adui yeyote. Hapo upande mkubwa unapata faida maradufu. Mapigo yake ni mengi zaidi, na mapigo ya adui yanagawanyika baina ya watu wengi zaidi. Lanchester alionyesha kuwa nguvu sasa hupimwa kwa namba iliyozidishwa kwa yenyewe. Basi 25 – 9 = 16, na 16 ni 4 mara 4. Upande mkubwa utabakiwa na vikosi 4 badala ya 2.

Sheria hii ya pili ina funzo kubwa kwa jeshi dogo. Vikosi 4 vikikabili vikosi 5 kwa pamoja vitashindwa, kwa kuwa 25 ni zaidi ya 16. Lakini vikosi vile vile 4 vikikutana kwanza na 3, kisha na 2 vilivyochelewa, hesabu inageuka: 16 – 9 – 4 = 3. Kilichobaki ni zaidi ya sifuri, kwa hiyo jeshi dogo limeshinda. Adui ni yule yule na idadi yake ni ile ile, ila amepigwa kwa mafungu. Kwa hiyo swali la mchezaji hodari si "Nina vikosi vingapi?" bali "Ni vikosi vyangu vingapi vinavyoweza kupiga sasa, mahali hapa, na ni vyake vingapi vinavyoweza kujibu?"

Mbinu ya kwanza: kamilisha kazi moja

Mchezaji mgeni hugawa mapigo yake, akimjeruhi huyu kidogo na yule kidogo. Hili ni kosa, kwa sababu kikosi kilichojeruhiwa bado hujibu kwa dadu 3. Kilichoondolewa hakijibu kamwe.

Tazama uwezekano wa kukiondoa kikosi kizima chenye alama 3 katika zamu moja. Kikosi kimoja cha miguu au cha farasi kikishambulia peke yake, sharti dadu zote 3 zifaulu. Uwezekano wake ni 1/3 mara 1/3 mara 1/3, yaani 1/27, chini ya asilimia 4. Vikosi viwili vikishambulia vitarusha dadu 6, na uwezekano wa kupata angalau mafanikio matatu ni 233/729, yaani asilimia 32. Vikosi vitatu vikirusha dadu 9, uwezekano ni asilimia 62. Idadi ya washambuliaji imezidishwa mara mbili, lakini tumaini la kufaulu limezidishwa zaidi ya mara nane. Katika amri 4 za zamu, basi, mara nyingi yafaa amri 3 zielekezwe kwa adui mmoja.

Mbinu ya pili: linda ncha zako, tafuta za mwenzako

Je, ni mahali gani ambapo washambuliaji watatu wanaweza kumfikia adui mmoja? Jibu linatokana na jiometri. Kila pembesita ina majirani 6. Vikosi vikijipanga kwa mstari ulionyooka, kikosi kilicho katikati kina rafiki kulia na kushoto, vyumba 2 mbele yake na 2 nyuma yake. Kwa hiyo adui aliye mbele hawezi kukishambulia kwa vikosi vya mapambano zaidi ya viwili. Ama kikosi kilicho mwishoni mwa mstari kina chumba kimoja zaidi kilicho wazi, yaani kile cha ubavuni. Hapo adui anaweza kuleta vikosi vitatu bila hata kufika nyuma. Tofauti baina ya kupigwa katikati na kupigwa ubavuni ni tofauti baina ya asilimia 32 na asilimia 62.

Hii ndiyo sababu majemadari wa kale walipenda kuegemeza ncha za safu zao kwenye mto, bwawa au mlima. Chumba cha ubavuni kikiwa ni maji, adui hana pa kusimama. Kadhalika kilima kina thamani kubwa. Vikosi viwili vikishambulia adui aliyeko juu ya kilima, ambako ni 6 peke yake inayofaulu, uwezekano wa kumwondoa kwa zamu moja hushuka kutoka asilimia 32 hadi asilimia 6.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba mstari uliokatika una ncha nyingi. Safu ya vikosi 6 haiwezi kusonga yote kwa amri 4. Atakayeisukuma mbele bila mpango ataifikisha kwa adui vipande vipande, na kila kipande kitakuwa na ncha zake mpya. Huyo amemfanyia adui kazi ya kuligawa jeshi lake.

Mbinu ya tatu: hesabu vyumba kabla ya kusogea

Askari wa miguu husogea chumba 1 kisha hupiga. Ikiwa baina ya safu mbili pamebaki chumba kimoja kitupu, mwenye zamu atasogea na kupiga kwanza. Ikiwa vimebaki vyumba 2, atakayesogea atabakisha kimoja, na pigo la kwanza atakuwa amempa mwenzake. Wachezaji wa dama wanaijua sana hali hii ya kutaka mwingine aanze. Basi penye vyumba 2, tumia amri zako kwingine na uisimamishe safu.

Lakini pande zote mbili zikisimama, mchezo utasonga vipi? Hapa ndipo wapiga upinde wanapopata kazi. Dadu yao moja ni dhaifu, walakini hufika chumba cha tatu, hivyo huvuka vile vyumba 2 vitupu. Adui akikaa, anapungua kidogo kidogo. Akija, anajipeleka kwenye pigo la kwanza. Silaha ndogo inayomlazimisha adui kuchagua baina ya mabaya mawili ni kubwa kuliko idadi ya dadu zake.

Mbinu ya nne: farasi warudi, na akiba isubiri

Wapanda farasi ni wepesi wa kushinda pembeni na wepesi wa kupotea. Mwaka 217 K.K., huko Raphia, karibu na mpaka wa Misri, Mfalme Antiochus III aliuvunja mrengo wa kushoto wa jeshi la Ptolemy IV, akaenda akiwafukuza waliokimbia. Wakati huo huo safu yake ya katikati ilikuwa ikishindwa, na vita akavipoteza. Katika mchezo, kila amri inayotumika kukimbiza kikosi kilichokwisha toka uwanjani ni amri iliyoibwa kutoka mahali panapoamua ushindi. Farasi wakishashinda, na wageuke mara moja waingie nyuma ya safu ya adui.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mwaka 48 K.K., huko Pharsalus katika Uyunani, Julius Caesar alikabiliwa na Pompey, ambaye kwa hesabu ya Caesar mwenyewe alikuwa na wapanda farasi 7,000 dhidi ya 1,000. Caesar aliondoa vikosi kadhaa katika mstari wake wa tatu, akavificha nyuma ya farasi wake wachache. Farasi wa Pompey walipokuja kwa kishindo kuuzunguka ubavu, walikutana na mikuki ya wale waliokuwa wakingoja, wakakimbia. Na ubavu uliobaki wazi ukawa ni wa Pompey. Mchezaji naye aweke vikosi viwili nyuma ya safu. Kikosi chenye alama 1 iliyosalia kirudishwe nyuma, na kimoja cha akiba kichukue nafasi yake. Adui atakosa ushindi aliokuwa karibu kuushika, na itambidi aanze kazi upya.

Cannae ndani ya pembesita

Sasa inawezekana kurudi Cannae. Hannibal aliwaweka Wagali na Wahispania katikati, safu yao ikiwa imebenuka mbele kama mwezi mchanga. Pande zote mbili za safu hiyo aliweka askari wa miguu wa Kiafrika, waliokuwa imara zaidi, na pembeni kabisa wapanda farasi. Warumi waliwapanga watu wao kwa msongamano, safu ikiwa nene sana kuliko ilivyo kawaida yao, wakitumaini kulivunja jeshi la adui kwa uzito. Katikati ya Hannibal ikarudi nyuma polepole, na Warumi wakaifuata. Waafrika wakageuka ndani na kuwapiga ubavuni. Hasdrubal, aliyekuwa amewashinda wapanda farasi wa Warumi upande wa mtoni, hakuwakimbiza hadi mwisho. Alivuka akawasaidia Wanumidia katika mrengo wa pili, kisha akawaangukia Warumi kwa nyuma.

Pembesita zinaonyesha maana ya tukio hilo. Weka kikosi kimoja, kizungushie 6, kisha 12, kisha 18. Jumla ni vikosi 37 vilivyosongamana. Ni vingapi vinavyoweza kumgusa adui aliye nje? Ni vile 18 vya ukingoni tu. Vilivyobaki, 19, vimesimama ndani, silaha mkononi, bila kazi. Na je, vinahitajika vikosi vingapi kuuzunguka msongamano huo? Ni 24. Basi vikosi 24 vimevizunguka vikosi 37, na katika mpaka wa mapambano ni 24 dhidi ya 18. Wachache wamekuwa ndio wengi. Kweli, wa ukingoni wakianguka wa ndani watashika nafasi zao. Lakini hawatakuja kamwe wote kwa pamoja. Watakuja kwa mafungu, na adhabu ya kuja kwa mafungu imekwisha elezwa.

Mwisho wa hesabu

Hesabu hii haina mwenyewe. Mwaka 202 K.K., huko Zama, Afrika ya Kaskazini, Scipio wa Roma alipambana na Hannibal. Safari hii Wanumidia wengi walikuwa upande wa Roma chini ya Masinissa. Wapanda farasi wa Scipio waliwafukuza wa Hannibal, wakarejea, wakaingia nyuma ya jeshi lake. Mwalimu alishindwa kwa somo lake mwenyewe. Tena Roma haikusalimu amri baada ya Cannae, bali ilikusanya majeshi mapya. Kushinda pambano moja si kushinda vita.

Liko jambo la mwisho ambalo ubao hauwezi kulionyesha. Mwanahistoria Livy aliwataja Warumi waliouawa Cannae kuwa wapatao 48,000. Polybius alisema wapatao 70,000. Hata tukishika ile idadi ndogo, ni watu waliokufa kwa siku moja, wengi wao wakiwa ndani ya msongamano ambamo hawakuweza hata kuinua mkono. Kete zikiondolewa ubaoni hurudishwa sandukuni, na kesho huchezwa tena. Mwanafunzi atakayeelewa jinsi mpango mbaya wa mtu mmoja ulivyoweza kuwafanya maelfu wasiwe na msaada kwa wenzao, atakuwa amejifunza zaidi ya mchezo. Atakuwa amejifunza kuuliza, mbele ya kila jambo linalotegemea wingi wa watu, ni wangapi kati yao waliopewa nafasi ya kutenda.

Maswali ya kujaribu

1. Vikosi 5 vinakabili vikosi 6 mahali pa wazi. Nani atashinda? Je, itakuwaje vile 6 vikija kwa mafungu mawili ya 3?

2. Zungushia vikosi 37 duru moja zaidi. Jumla itakuwa vikosi vingapi, na ni vingapi vitakavyokuwa ndani bila kumgusa adui?

3. Rusha dadu 6 kwa pamoja mara 50, uandike ni mara ngapi umepata angalau 5 au 6 tatu. Linganisha na asilimia 32, kisha eleza kwa nini jibu lako laweza kutofautiana nayo.

Majibu: (1) Vile 6 vitashinda, kwani 36 – 25 = 11. Vikija kwa mafungu, 25 – 9 – 9 = 7, navyo 5 vitashinda. (2) Jumla ni 61, na 37 vitakuwa ndani.